Mshangao wetu umekwenda wapi? Mawazo juu ya kinga na telefone



Katika kitabu cha Mithali, sura ya 30, mstari wa 18 na wa 19, tunamkuta mtu mwenye hekima, jina lake Aguri mwana wa Yake. Mtu huyu anakiri mbele ya watu kwamba kuna mambo manne yanayoipita akili yake. Hataji dhahabu, wala majumba ya wafalme, wala vita. Anataja jinsi tai anavyopita hewani, jinsi nyoka anavyoteleza juu ya jiwe, jinsi chombo kinavyokata maji ya bahari, na jinsi kijana mwanamume anavyoufikia moyo wa msichana. Tuangalie vizuri. Mambo yote manne ni mwendo. Kitu kinapita, hakiachi alama nyuma yake, na mwenye hekima anabaki amesimama, anashangaa.

Tumelichagua andiko hili kwa sababu ya neno lililosemwa na vijana katika mafundisho yao ya Jumamosi. Walisema: kwenye telefone tunaona mambo ya ajabu toka asubuhi hata usiku, lakini hakuna linalotushangaza tena. Wazee walicheka kidogo, kisha wakanyamaza, kwa maana hata wao wana telefone. Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana. Mtu asiyeweza kushangaa atamwabuduje Mungu? Atakuwa na maneno ya sala, atazijua nyimbo, atajua saa ya kusimama na saa ya kupiga magoti, lakini moyo wake utakuwa umebaki nyumbani.

Tuanze na maneno yenyewe, maana tunayachanganya. Kuna kuzubaa: mtu ametoa macho, mdomo wazi, sombe inaungua motoni na yeye haoni. Kuna kushtuka: mlango umepigwa kwa nguvu, moyo umeruka, na baada ya dakika moja mambo yamekwisha. Tena kuna kushangaa, au kustaajabu. Hapo mtu anaona kitu, anajua kwamba hakielewi, na badala ya kukimbia anakikaribia. Musa aliona kijiti kinachowaka moto bila kuteketea. Kitabu cha Kutoka (3:3-4) kinatuonyesha kwamba aligeuka, akaiacha njia yake ili aende kuangalia. Na Mungu alipoona kwamba amegeuka, ndipo alipomwita kwa jina lake. Musa alikuwa kazini siku ile, tena na kondoo za mkwewe, si zake. Angekuwa na sababu nzuri ya kupita tu. Kisha akaambiwa avue viatu, na sisi hata leo tunavua viatu tunapokwenda mbele ya Mungu.

Telefone inatupa kuzubaa kwingi na kushtuka kwingi. Kidole kinapanda, picha inashuka: ajali ya kamioni, mtoto anayecheza, nyumba inayoungua, mhubiri anayemwinua kiwete, mama anayeuza vikwembe, mtu aliyeuawa. Yote yana ukubwa mmoja, ukubwa wa kiganja. Huwezi kugeuka kama Musa kwa sababu hakuna njia uliyoiacha. Umelala kitandani, na kile kilichokuja kimekuja chenyewe. Kinachofuata kinakisukuma kabla hujauliza swali. Tena hayo si bahati mbaya. Ile namna ya kuteremsha picha bila kufika mwisho wa ukurasa ilibuniwa mwaka 2006 na Mmarekani mmoja, Aza Raskin, naye baadaye alisema hadharani kwamba anasikitika kwa kazi ile. Zamani buku lilikuwa na ukurasa wa mwisho. Gazeti lilikuwa na ukurasa wa mwisho, hata barua ilikuwa na mahali pa kutia sahihi. Jicho lilipata mahali pa kusimama, na mtu akasema: sasa nifikiri.

Kwa kanisa letu jambo hili si dogo, kwa maana tulizaliwa katika maajabu. Tarehe 6 Aprili 1921 Papa Simon Kimbangu alianza kazi ya kuponya huko Nkamba, katika Kongo ya Chini. Habari zilienea kwa midomo tu. Watu waliacha mashamba ya wazungu na kazi zao, wakaja kwa miguu, wakiwabeba wagonjwa wao. Hata treni zilijaa watu waliokuwa wanakwenda kumwona. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule alishikwa, akahukumiwa kufa, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha; akakaa gerezani miaka 30, akafia Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, tarehe 12 Oktoba 1951. Tunazijua tarehe hizi. Lakini tuwawaze pia wale waliokuwa njiani mwaka 1921. Yule aliyembeba mama yake mgongoni, akalala porini, akavuka mito, alipofika Nkamba hakuwa tena mtu yule aliyetoka kijijini. Njia ilikuwa imemfungua. Leo video ya muujiza inamfikia mtu akiwa anangoja zamu yake kwenye bomba la maji. Hatusemi kwamba video zote hizo ni za uongo, ingawa nyingine ni za uongo na wanaozitengeneza wanajulikana. Tunasema kwamba hata ile ya kweli inafika ikiwa imechoka, na inatukuta sisi hatukutembea hata hatua moja kwenda kuipokea.

Ndiyo maana tunataka kusema juu ya kinga, ile ambayo wengine wanaiita velo, na ndugu zetu wa Tanzania wanaiita baisikeli. Mtu atauliza: kinga ina neno gani na mambo ya roho? Tunajibu kwamba kama Aguri angesimama leo kando ya barabara Kisangani au Lubumbashi, angeihesabu kuwa jambo la tano.

Angalia mtoto anapojifunza. Kinga ni ya papa yake, ni kubwa, kiti hakifikii. Anapitisha mguu ndani ya fremu, mwili umepinda upande mmoja kama mti wa kando ya mto, na kaka yake anaishika kwa nyuma. Wanakimbia pamoja. Halafu kaka anaachilia mkono, wala hasemi. Mtoto anaendelea mita kumi, mita ishirini, ndipo anageuza kichwa, anaona hakuna anayemshika, anaanguka. Alijua kupanda kabla ya kujua kwamba anajua. Kwa kweli ilikuwa ni ile habari ya kutoshikwa iliyomwangusha, si kutoshikwa kwenyewe.

Sasa mwulize mtu mzima aliyepanda kinga miaka 30 anafanya nini ili asianguke. Atakuambia: napanda tu. Mwili wake unajua kitu ambacho mdomo wake haukijui. Kinga ikiinama upande wa kuume, mikono inageuza usukani kidogo upande ule ule wa kuume, yaani upande wa kuanguka, na magurudumu yanarudi chini ya uzito wa mwili. Mwanafunzi anayeogopa anageuza upande mwingine, na hapo anaanguka kweli. Katika kukata kona kuna siri nyingine. Ili kwenda kushoto, usukani unasukumwa kwanza kidogo sana kuelekea kuume. Kila mpanda kinga anafanya hivyo, na karibu hakuna anayejua kwamba anafanya. Jaribuni kesho, mtaona.

Wenye elimu nao walidhani wamekwisha kuelewa. Kwa muda mrefu walifundisha kwamba kinga haianguki kwa sababu magurudumu yanazunguka, kama pia ya mtoto inavyosimama ikizunguka. Au kwa sababu gurudumu la mbele linagusa udongo nyuma kidogo ya mstari wa usukani, hivyo linajinyoosha lenyewe. Mwaka 2011 wataalamu wa chuo kikuu cha Delft, Uholanzi, na cha Cornell, Marekani, walitengeneza chombo kidogo cha magurudumu mawili ambacho nguvu zote mbili hizo ziliondolewa. Wakakisukuma bila mtu juu yake. Kilikwenda, kikayumba, kikajirudisha chenyewe, hakikuanguka. Basi ikaonekana kwamba sababu ni nyingi, zinashikana, na hakuna anayeweza kuzisema kwa neno moja. Kitu hiki kinachobeba mihogo ya mama kwenda soko kila asubuhi, mabingwa wa dunia bado wanakizunguka na kukitazama.

Kuna lingine ambalo wapanda kinga wote wanalijua, nalo linahusu macho. Barabara zetu zina mashimo. Ukilitazama shimo kwa woga utaingia ndani yake, hata kama nafasi ya kupita iko pana pembeni, kwa sababu mwili unafuata jicho. Anayetaka kupita salama anatazama pale anapotaka kupita. Petro alipokuwa juu ya maji (Mat. 14:28-31) aliutazama upepo, nanyi mnajua kilichofuata. Wahubiri wanaweza kulieleza andiko hili saa nzima. Wapanda kinga wanalifanya kila siku kabla ya jua kuwaka. Na kama ni kweli kwamba mwili unafuata jicho, basi tuulizane: mtu anayeliweka jicho lake kiganjani saa tano, saa sita kwa siku, mwili wake unakwenda wapi? Wazazi waliowaita watoto wao mara tatu kula bukari wanalo jibu.

Watu wa Kisangani wanajua zaidi juu ya kinga kuliko watu wengi wa nchi yetu. Toka miaka ya 1990 mji ule ulikuwa na kinga za kubeba watu, zinazoitwa toleka, neno la Lingala ambalo maana yake ni «tupite». Nyuma kuna kiti chenye mto laini, mpandaji anakaa, mama anakaa upande, na mwenye kinga anakanyaga. Vita vilipoanza mwaka 1998, mto ukafungwa, esansi ikakosekana, magari yakasimama. Toleka ndizo zilizoubeba mji: wagonjwa, walimu, magunia ya mchele, hata maiti. Mwaka 2000, kuanzia tarehe 5 Juni, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya mji siku sita, mabomu yakaanguka juu ya nyumba za watu, raia wengi sana wakafa. Waliopona hawawezi kuitaja kinga kama kitu cha kuchezea. Leo pikipiki zimechukua sehemu kubwa ya kazi, na toleka zimepungua.

Tunataka kusema neno moja juu ya toleka ambalo tunaona halikusemwa ya kutosha. Anayepanda toleka anaisikia pumzi ya mtu anayembeba. Anaona jasho likishuka shingoni. Anajua wakati gani kilima kimeanza, kwa sababu pumzi imebadilika, na mwenye adabu anashuka bila kuombwa, anatembea hata juu, anapanda tena. Njiani wanazungumza, na wakifika wanajuana majina. Katika gari hakuna anayesikia pumzi ya mota. Juu ya pikipiki upepo na kelele vinaziba maneno. Tunasoma katika Matendo ya Mitume (8:26-40) jinsi Filipo alivyokimbia kando ya gari la yule mkubwa wa Ethiopia, akasikia anasoma kitabu cha Isaya, akamwuliza kama anaelewa. Lile lilikuwa gari ambalo mtu wa miguu angeweza kulifikia, na aliyekaa ndani angeweza kusikia swali, akasema: panda, ukae nami. Mbio zingekuwa nyingi zaidi, ubatizo ule haungekuwako. Na siku hizi tunamwona mpandaji wa toleka amekaa nyuma, kichwa chini, telefone mkononi. Kilima kinakuja, mtu wa mbele anahema, yeye anacheka na mtu aliye Kinshasa. Si mtu mbaya. Hayupo tu.

Lakini hapa lazima tuseme ukweli, asije mtu wa mjini akaigeuza kinga kuwa wimbo. Nendeni asubuhi kwenye barabara zinazoingia Lubumbashi, mtawaona wanaume wanaoleta makala (ya moto, si ya gazeti). Magunia yamepangwa mpaka kinga haionekani tena. Hawapandi, wanasukuma, kilomita kwa kilomita. Na huko Kisangani, katika njia za msitu za kwenda Buta au Ubundu, kuna wafanya biashara wanaokwenda na chumvi, sabuni na vikwembe, wanarudi na bidoni za mafuta ya ngazi au mchele. Fimbo imefungwa kwenye usukani na nyingine nyuma ya kiti, mtu anatembea pembeni kama anayemwongoza ng'ombe mgonjwa. Matope yanafika magotini. Tena kuna vizuizi, na mwenye bunduki hafungui kamba bila kupewa. Ukimwambia mtu huyu kwamba kinga ni kitu cha kushangaza, atakutazama tu, na sisi tunaona ana haki. Kanisa likiisifu kinga na kunyamaza juu ya vizuizi, ni afadhali lisiseme kitu.

Je, mzigo unaua mshangao? Tumelifikiri swali hili muda mrefu. Tunakumbuka kwamba Ezekieli alipoyaona yale magurudumu, gurudumu ndani ya gurudumu, hakuwa hekaluni wala nyumbani kwake; alikuwa mhamishwa kati ya wafungwa, kando ya mto Kebari (Ezek. 1). Na sisi, imani yetu ilifikaje upande huu wa Kiswahili? Wakoloni wenyewe waliileta bila kujua. Waliwatoa wafuasi wa Papa Simon katika Kongo ya Chini, wakawapeleka mbali pamoja na wake na watoto, wengine mpaka Lowa, juu ya mto Lualaba. Watu wale walilimishwa, walilindwa, walikatazwa kuomba. Nao waliomba. Mto ulikuwa mwingine, lugha ilikuwa nyingine, lakini macho yao hayakufungwa. Hatusemi kwamba mateso yaliwafundisha kushangaa. Hilo ni neno ambalo wasioteswa wanapenda kulisema. Tunasema tu kwamba mateso hayakuweza kuwaondolea kitu hicho.

Na wale wa makala tumewaona jioni. Wameuza, magunia matupu yamekunjwa na kufungwa nyuma, mfuko una unga na labda kandambili za mtoto. Sasa wanapanda. Ni mtu yule yule na kinga ile ile. Kwenye mteremko wanaacha kukanyaga, wananyoosha miguu, shati limejaa upepo, na mtu mwenye ndevu nyeupe anapiga mluzi kama kijana. Mtu juu ya kinga anatumia karibu sehemu moja ya tano ya nguvu ambayo angetumia kwa kutembea umbali ule ule. Wenye kupima wamepima, lakini mzee yule ameipima kwa mapaja yake. Hapo ndipo tunapoona kwamba mzigo na mshangao si kitu kimoja na wala havitegemeani. Kinachotakiwa ni mzigo upunguzwe, barabara itengenezwe, kamba ya kizuizi ikatwe. Mluzi utakuja wenyewe.

Kuna mzigo mwingine, wa zamani, ambao mtoto wa Kongo hawezi kuisifu kinga bila kuutaja. Mwaka 1817 Mjerumani Karl von Drais alikimbia Mannheim juu ya chombo cha miti chenye magurudumu mawili, akisukuma udongo kwa miguu. Mwaka 1885 John Kemp Starley, wa Coventry huko Uingereza, alitoa kinga yenye sura tunayoijua, magurudumu mawili sawasawa na mnyororo wa nyuma. Mwaka huo huo wa 1885 nchi yetu iliwekwa mikononi mwa mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama aliyekaa Belfast, alipata hati ya kutengeneza mpira uliojaa hewa; mtoto wake alikuwa na kinga ndogo ya magurudumu matatu iliyomtikisa mno. Ulaya nzima ikataka kupanda. Mpira ukatafutwa, na mpira ulikuwa katika kamba za msitu wetu.

Yaliyofuata mnayajua kutoka kwa mababu. Kila kijiji kiliamriwa uzito wake. Wanawake walishikwa rehani mpaka waume walete. Fimbo ya ngozi ya kiboko ilipiga, mikono ilikatwa. Tarehe 14 Mei 1904, huko Baringa, mwanamume mmoja jina lake Nsala alikaa barazani akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo, ndivyo vilivyobaki kwake. Mmisionari Mwingereza, mama Alice Seeley Harris, alipiga picha. Picha hiyo na nyingine zilionyeshwa kwa taa katika kumbi za Uingereza na Marekani, watu wakapiga kelele, na mwaka 1908 Leopold alilazimishwa kuitoa nchi mikononi mwake, ingawa aliyeipokea hakuwa malaika.

Tunaitaja picha ile kwa makusudi, ili msifikiri kwamba tunapigana na picha. Ilikuwa picha pia. Lakini watu waliacha nyumba zao usiku ili waende kuiona, walikaa gizani mbele yake, mtu aliwaeleza, hawakuwa na nyingine ya kuisukuma. Walipotoka walikuwa na la kufanya. Walishangaa kwa kuchukizwa, na hilo nalo ni kushangaa.

Na telefone je? Ndani yake, katika betri, kuna kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani inatoka katika nchi yetu, upande wa Kolwezi na Likasi. Ndani yake kuna kitu kidogo cha kushika umeme kinachotoka katika koltani, na koltani inachimbwa Masisi, katika Kivu. Kwa hiyo mara mbili ulimwengu umepata chombo kipya cha kushangilia, na mara mbili udongo wetu umechimbwa au msitu wetu umekatwa kwa damu. Kijana anayesema telefone haimshangazi tena, tungependa aizime kidogo, aishike ikiwa nyeusi, bila picha, aitazame kama jiwe. Jiwe la Masisi linabeba sauti ya dada yako mpaka Bruxelles. Ni ajabu, na anayekataa ni mkaidi. Kisha afikiri juu ya mtoto aliyesimama ndani ya maji akiosha mawe yale badala ya kwenda shule. Mshangao usioweza kubeba mambo mawili haya pamoja ni kuzubaa tu kwa nguo ya Jumapili.

Tunarudi kwa jambo ambalo vijana na wazee walibishana: telefone ziachwe mlangoni pa hekalu pamoja na viatu, ndiyo au hapana? Sisi hatuoni sababu ya kutunga amri. Wengine wanasomea Biblia humo, na mama mwenye mgonjwa hospitali hawezi kuambiwa akate njia ya habari. Kiatu tunakivua kwa sababu mguu ndio uliotufikisha pale, nao unaheshimiwa kwa kuguswa na udongo mtakatifu. Telefone haikutufikisha. Ndilo tunalotaka vijana walifikiri: jinsi ya kufika. Anayekaa karibu aje kwa miguu. Anayekaa mbali na mwenye kinga, aje na kinga, na kama ana mdogo wake au bibi wa jirani, ampakie nyuma, washuke pamoja kwenye kilima. Telefone ikae mfukoni mpaka ibada iishe, wala hatutapekua mifuko. Wale wa fanfari wanaobeba ngoma kubwa wana ruhusa ya kuja kwa gari.

Kwa ajili ya kinga, wapapa wamekubali kutengeneza kibanda cha majani nyuma ya hekalu, upande wa mwembe, na vijana wawili watalinda kwa zamu. Pampu ya parokia iko kwa shemasi. Anayeihitaji aiombe kabla ya ibada, si katikati ya mahubiri.